Kuhamia Penye Upepo

Mtu anayehama mji mkubwa kwa ajili ya kukwea miamba hupanga mambo kwa utaratibu wake mwenyewe: jabali kwanza, kisha kazi, kisha nyumba. Hali ya hewa huiweka mwisho, akiamini ataizoea. Katika mji wa Laramie, jimbo la Wyoming, Marekani, utaratibu huo hupinduka kabla majira ya baridi ya kwanza hayajaisha. Jabali lipo, na sifa zake ni za haki. Lakini kinachoamua kama mhamiaji atakaa au atafungasha ni upepo. Naona faida kuuweka mji huu sambamba na miji mingine iliyopokea watu wa aina hiyo, kwa sababu kila mmoja una namna yake ya kumgeuza mgeni kuwa mkazi, na namna hizo hutofautiana hata pale ambapo pepo zenyewe zinafanana.

Laramie uko mita 2,184 juu ya usawa wa bahari, kwenye bonde pana lililo kati ya safu ya milima ya Laramie, upande wa mashariki, na milima ya Medicine Bow, upande wa magharibi. Reli ya Union Pacific ndiyo iliyouzaa mwaka 1868, na Chuo Kikuu cha Wyoming, kilichoanzishwa mwaka 1886, ndicho kinachoulisha hadi leo. Wakazi wake ni zaidi kidogo ya 31,000. Upepo wake una sababu zake. Milima ya Rocky, ambayo kaskazini na kusini huinuka sana, hushuka katika eneo la kusini mwa Wyoming na kuacha uwazi. Wajenzi wa reli waliufuata uwazi huo kwa kuwa uliwapa njia nyepesi. Pepo za magharibi huufuata kwa sababu hiyo hiyo. Majira ya baridi, tofauti ya kanieneo ya hewa kati ya pande mbili za milima inapoongezeka, hewa hubanwa katika mlango huo na kutoka kwa kishindo.

Barabara Kuu ya 80, ilipofunguliwa mwaka 1970 magharibi mwa Laramie, ilipitishwa karibu na mlima Elk ingawa wenyeji walikuwa wameonya kwamba pepo za mahali pale ni kali mno. Tangu hapo hufungwa mara kwa mara kila majira ya baridi. Mara nyingi wala si theluji inayoanguka inayoifunga, bali ile iliyokwisha kuanguka, inayopeperushwa chinichini mpaka dereva haoni mbele. Kando ya barabara zimejengwa nyua ndefu za kuinasa theluji, na juu ya mgongo wa Foote Creek mitambo ya kufua umeme kwa upepo inazunguka tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Upepo wa Wyoming, kwa hiyo, una bajeti, wahandisi na wafanyakazi wake. Mhamiaji anaingia katika jamii ambayo imeshaukubali kama sehemu ya shughuli zake za kila siku.

Hazina anayoifuata ni Vedauwoo, juu kwenye safu ya mashariki, mwendo wa gari usiozidi nusu saa. Ni mrundiko wa majabali ya graniti ya Sherman, jiwe lenye umri wa takriban miaka bilioni 1.4 na fuwele kubwa zinazokwaruza ngozi kama msasa. Kwa jiwe hilo hilo ulijengwa mnara wa Ames ulio jirani, piramidi iliyokamilishwa mwaka 1882 kuwakumbuka ndugu wawili waliofadhili reli. Nyufa za Vedauwoo ndizo zilizoupa mwamba huu jina duniani. Ufa mwembamba hupokea vidole, wa wastani hupokea ngumi. Hizi ni pana kiasi kwamba ngumi inapwaya, lakini mwili mzima hauingii. Mkwezi hulazimika kukunja mkono na kuubana kwa kiwiko na kiganja, kupandisha goti, kukaza wayo ili kisigino kiguse ukuta mmoja na ncha ya kiatu ukuta wa pili, kisha kujisukuma juu kwa kadiri ya shubiri moja. Viganja hufungwa plasta, na bado ngozi huchubuka. Ufundi huu hauna madaha. Wapo wakwezi hodari wa nchi nyingine wanaoukwepa maisha yao yote. Kule Laramie ndio somo la kwanza.

Nyufa hizo zina fadhila nyingine ambayo vitabu vya njia za kukwea havina pa kuiandika. Nje, upepo huirusha kamba upande na kumeza sauti, hata watu wawili waliozoeana huacha kuitana na kuelewana kwa kuvuta kamba. Ndani ya ufa mpana mkwezi amefichika. Na kwa kuwa majabali yametawanyika na kuelekea pande zote, mkazi hujifunza kuusoma upepo asubuhi na kuchagua upande ulio na kinga. Mgeni wa mwisho wa wiki huenda moja kwa moja kwenye njia aliyokuja kuitafuta, upepo ukampiga kutwa nzima. Maarifa haya hayanunuliwi. Huja kwa kukaa.

Msimu mzuri ni tangu Mei hadi Oktoba hivi. Miezi mingine mkwezi wa Laramie hufanya kazi chuoni, hospitalini au karakana, hujinoa kwenye kuta za mazoezi za ndani, na siku njema hushuka na gari hadi Fort Collins, Colorado, kwenye joto zaidi. Wengi wamekuja kwa sababu nyumba za Laramie ni nafuu kuliko za Boulder, mji wa Colorado wenye jina kubwa zaidi katika mchezo huu. Jambo ninaloliheshimu katika mji huu ni kwamba hauishi kwa kuwategemea wakwezi. Unamtaka mhamiaji awe kitu kingine pia: mwalimu, fundi, muuguzi. Miezi ya upepo ndiyo miezi anayofahamika kwa kazi yake badala ya kwa njia alizokwea.

El Chaltén, katika Patagonia ya Argentina, una upepo mkali zaidi, ila tabia yake ni nyingine kabisa. Mji huu haukuzaliwa na reli wala chuo. Serikali ya Argentina iliuanzisha mwaka 1985 ili pawe na wakazi karibu na mpaka uliokuwa ukigombaniwa na Chile kwenye Laguna del Desierto, mgogoro uliomalizwa kwa usuluhishi mwaka 1994. Wakwezi walitangulia kwa muda mrefu: Lionel Terray na Guido Magnone, Wafaransa, walifika kilele cha Fitz Roy, chenye mita 3,405, mwaka 1952, miaka zaidi ya thelathini kabla ya nyumba ya kwanza ya mji. Huko, kwenye latitudo ya 49 kusini, pepo za magharibi huvuka Bahari ya Pasifiki bila kukutana na nchi kavu ya maana, hupita juu ya uwanda mkubwa wa barafu, ndipo zigonge vilele hivyo vya graniti.

Kwa hiyo tofauti haiko katika ukali tu. Upepo wa Vedauwoo unakwepeka. Mtu huzunguka jabali akapata kivuli chake. Upepo wa Fitz Roy na wa kilele jirani, Cerro Torre, haukwepeki. Hufunga mlima, kisha hufungua kwa siku mbili au tatu, na asiyekuwa tayari wakati huo amekosa. Zamani wakwezi walikaa wiki nyingi katika vibanda vya magogo msituni, wakitazama kipima kanieneo. Utabiri wa hali ya hewa ulipokuwa wa kuaminika, na mji ulipopata mikate na mtandao, kungoja kulihamia mjini. Leo watu hushinda wakikwea mawe madogo yaliyo karibu na nyumba, na utabiri ukigeuka wote huondoka kwa pamoja usiku. Mkazi wa Laramie ni yule anayejua kujikinga. Mkazi wa El Chaltén ni yule ambaye maisha yake yanamruhusu kuacha kila kitu ghafla. Ndiyo maana wengi huko ni waongoza wageni, waokaji na wenye nyumba za kulala wageni, na miongoni mwao hutoka wanaojitolea kwenda kuokoa waliokwama mlimani. Mji mmoja huufuga uvumilivu, mwingine huufuga wepesi, nami siwezi kusema upi ni bora, kwa sababu kila mmoja umejibu upepo wake sawasawa.

Llanberis, kijiji cha kaskazini mwa Wales, kinaonyesha jambo la tatu. Hapo kikwazo ni mvua zaidi ya upepo, na jabali lililowavuta watu miaka ya 1980 lilichongwa na binadamu. Machimbo ya Dinorwic yalitoa mawe bapa ya kuezekea nyumba tangu mwishoni mwa karne ya 18, yakiajiri watu zaidi ya 3,000 katika siku zake za neema, yakafungwa mwaka 1969. Joe Brown, fundi bomba wa Manchester aliyekuwa mmoja wa wakwezi wakubwa wa Uingereza, alikuwa ameshafungua duka la vifaa kijijini humo mwaka 1966. Kizazi kilichofuata, wengi wao wakiishi kwa posho ya wasio na kazi katika enzi ya Margaret Thatcher, kiligundua kwamba mawe ya machimbo hukauka upesi baada ya mvua, wakati kuta za milima ya juu zingali zinatiririka maji. Johnny Dawes, mkwezi wa kizazi hicho, aliifungua njia iitwayo The Quarryman humo mwaka 1986.

Uwiano na Laramie unapendeza: pande zote mbili mkazi amejifunza kuiba siku ambayo mgeni angeihesabu imepotea. Lakini Llanberis inauliza swali ambalo Laramie inaweza kulikwepa kwa urahisi zaidi. Wahamiaji walikuja na Kiingereza mahali ambapo Kiwelisi ndicho kilichokuwa lugha ya machimbo, ya kanisa na ya mgomo. Waliziita kuta majina yao mapya juu ya ngazi za machimbo ambazo wazee walizipa majina yao wenyewe. Uhuru wa kijana mmoja wa kukwea ulisimama juu ya ajira iliyokufa ya baba wa mwingine. Wapo waliojifunza Kiwelisi, wakaoa na kuolewa pale. Wapo walioondoka bila salamu moja ya lugha ile. Kuorodheshwa kwa mandhari ya machimbo ya Wales katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2021 kumeupa heshima upande wa wachimbaji, na nadhani ilistahili kuja mapema.

Kwa msomaji wa pwani yetu, hakuna geni katika wazo kwamba upepo hufanya watu kuwa wakazi. Majahazi ya Oman, Hadhramaut na Gujarat yalishuka na kaskazi kufika Lamu, Mombasa na Unguja, yakarudi na kusi. Kati ya pepo hizo mbili kulikuwa na kungoja, na kusi ilipokaza katikati ya mwaka bahari ilifungika. Aliyechelewa kuuza au kukarabati chombo alibaki hadi demani au hadi mwaka mwingine. Katika miezi hiyo watu walipanga nyumba, wakakopeshana, wakaoa. Hata hivyo ulinganisho usivutwe kupita kiasi. Upepo wa baharia ulikuwa na kalenda. Yeye alijua atakwama lini na angeweza kuwa na milango miwili ya kuingia, mmoja Sur kule Oman na mwingine Unguja. Upepo wa Wyoming hauna ahadi ya namna hiyo. Tena baharia alikwama akiwa na bidhaa ambazo wenyeji walizihitaji, na uhitaji huo ulimpa heshima tangu siku ya kwanza. Mkwezi hana bidhaa. Anachokileta ni mapenzi yake kwa jiwe ambalo wengine walikuwa wakiliona tangu zamani, na thamani yake mjini lazima itoke kwingine.

Suala hilo, la nani alikuwepo mbele ya jiwe, Wyoming imelikabili hadharani, ingawa mbali na Laramie. Kwenye kona ya kaskazini-mashariki ya jimbo umesimama Devils Tower, mnara wa mwamba uliotangazwa kuwa hifadhi ya kwanza ya aina yake Marekani mwaka 1906. Kwa Walakota, Wacheyenne, Waarapaho, Wakiowa na mataifa mengine ya wenyeji ni mahali patakatifu, na Juni ni mwezi wenye ibada nyingi. Tangu mwaka 1995 wasimamizi wa hifadhi huwaomba wakwezi wasikwee mwezi huo. Awali walikusudia pia kuwanyima kibali waongozaji wa biashara. Hilo lilipingwa mahakamani, likaondolewa, ombi likabaki la hiari. Juni huko ni mwezi mzuri wa kukwea. Mwamba umekauka, mchana ni mrefu, na mkwezi aliyevumilia miezi ya baridi ana kila sababu ya kuutaka. Anayeitikia ombi hilo anangoja tena, na safari hii si upepo unaomzuia.