Divai Yetu Iko Juu ya Mnazi

Wadau, leo historia kidogo.

Mtu akienda Ufaransa au Afrika Kusini, akazungushwa shamba la zabibu na mwenye shamba, akaonjeshwa divai tatu nne na chakula cha kienyeji pembeni, tunasema amefanya utalii. Sawa, sina ubaya. Lakini kitu hicho hicho kikifanyika mangweni huku Kisauni au ndani ndani ya Likoni, ati ni ulevi. Kwani tofauti ni nini?

Tuangalie kazi yenyewe. Mgema anapanda mnazi asubuhi na jioni, kotama kiunoni. Anakata ncha ya karara ambalo halijafunguka, anatega kibuyu, utomvu unadondoka polepole. Ukiteremshwa tu ni mtamu, hata mtoto angeupenda. Saa chache baadaye umechacha wenyewe, bila hamira ya dukani, na hiyo ndiyo tembo kali. Ukilala sana unakuwa siki. Kwa hivyo mti mmoja unakupa vionjo vitatu. Weka hapo samaki wa kukaanga na sima, kisha mrija wenye kichujio ndani ya glasi. Na kazi hii baba humfundisha mwana. Hicho si kiwanda cha familia?

Sasa historia. Mmishonari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akafungua kituo Rabai mwaka 1846, hapo juu tu ukipita Changamwe na Mazeras. Katika maandishi yake alilalamikia sana ulevi wa wenyeji. Alichokiona ni watu wanakunywa. Lakini kwa Mijikenda tembo ilikuwa zaidi ya kinywaji. Ilipelekwa kwenye mahari, ilimwagwa chini kwa ajili ya wahenga, na wazee wakiketi kuamua kesi ilikuwapo.

Mtafiti David Parkin aliishi na Wagiriama miaka ya 1960, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1972, *Palms, Wine, and Witnesses*, yaani minazi, tembo na mashahidi. Hayo mambo matatu yalikwenda pamoja. Mtu angeweza kuuza minazi na kubaki na ardhi. Hakukuwa na karatasi, kwa hivyo wazee ndio waliokuwa karatasi. Walishuhudia, walikunywa pamoja, na siku ya ugomvi waliitwa kusema mti ni wa nani. Parkin aliona pia vijana waliotaka kujiinua kibiashara wakiambiwa na waganga kwamba wana pepo wa Kiislamu, wakasilimu. Hapo hawangelazimika tena kunywa na wazee na kumaliza pesa zao huko. Yaani hata kutokunywa kulikuwa na siasa yake!

Serikali nayo ilitaka karatasi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka mdai ajitokeze na madai yake, na Mijikenda wengi wakajikuta maskwota pale pale walipopanda minazi. Shahidi wa mzee hakuwa na uzito mbele ya hati. Hadi leo, ploti ikiuzwa na minazi ikaangushwa, mgema hana wa kumlilia.

Halafu ikaja sheria ya pombe ya mwaka 2010. Ilikuwa na nia nzuri, manake pombe haramu imeua watu na kupofusha wengine. Lakini saa za baa zilizowekwa, kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi, zilifikiria chupa. Chupa inaweza kungoja wiki nzima. Tembo ya alfajiri haingoji. Ukimwambia mgema auze jioni tu, umemwambia auze iliyochacha zaidi, au auze kwa kujificha. Na penye kujificha ndipo wachanganyaji wanapopenyeza sumu zao. Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi naongeza: akifukuzwa kila siku, wengine watatia kitu kibaya kuliko maji.

Sisemi kila mtu anywe. Jirani zangu wengi ni Waislamu na hawanywi, na hiyo ni haki yao. Ila katiba ya mwaka 2010 ilizipa kaunti mamlaka ya leseni za vileo. Basi Kaunti ya Mombasa iwe na leseni ya mgema peke yake: ada nafuu, saa zinazofuata mti, mahali mbali na shule na misikiti, na ukaguzi wa usafi. Mgema apewe jina kwenye daftari la kaunti.

Mimi chuo niliacha, lakini hesabu hii haihitaji digrii. Minazi ikiisha, zabibu hazitaota Kisauni.

Nyinyi mnaonaje? Semeni hapo chini, bila matusi.