Barua Ikae Nyumbani au Posta?

Kwetu barua haiji mlangoni. Anayeandika bahasha ya kwenda Dodoma au Kisumu huandika S.L.P. na namba, na mwenye sanduku huifuata posta na ufunguo wake. Waliobuni barua za kompyuta walikabiliwa na swali hilo hilo tangu mwanzo: barua ya mtu ikae kwake, au ikae mahali pamoja na za wenzake? Kila jibu lilimgharimu mtu fulani, na ndiyo maana naona historia hii inafaa kusimuliwa.

Mwaka 1965, katika chuo cha MIT huko Marekani, Tom Van Vleck na Noel Morris waliandika amri ya MAIL kwa ajili ya CTSS, mfumo ulioruhusu watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Ujumbe uliongezwa katika faili iliyoitwa MAIL BOX, ndani ya folda ya mpokeaji mwenyewe. Barua ilifika nyumbani. Lakini mtumiaji wa kawaida hakuwa na ruhusa ya kuandika katika folda ya jirani, hivyo amri hiyo ilibidi ipewe mamlaka ya pekee. Kwenye mfumo wa TENEX, ambako Ray Tomlinson alituma barua kutoka kompyuta moja hadi nyingine mwaka 1971, sanduku lilikuwa faili ambayo wengine waliweza kuongeza maneno mwishoni mwake, wasiweze kuyasoma wala kuyafuta yaliyotangulia. Ni tundu la sanduku la posta kabisa: unatumbukiza, huchomoi.

Mfumo wa Unix wa maabara ya Bell Labs nao ulianzia nyumbani. Amri ya mail ya mwaka 1971 ilitumia faili ya mailbox katika folda ya mpokeaji. Kufikia toleo la saba, mwaka 1979, barua zilikuwa zimehamia /usr/spool/mail, kila mtu na faili yake yenye jina lake, zote chini ya paa moja. Programu ya kupeleka barua haikuhitaji tena kupiga hodi kila nyumba. Ila diski ikijaa kwa sababu ya mmoja anayelimbikiza, barua za wote zilikwama. Na pale folda ilipoachwa wazi kwa kila mtu kuandika, mjanja aliweza kuunda faili kwa jina la mwenzake ambaye hajawahi kupata barua, akangoja kuzisoma barua zake.

Ndani ya faili hizo barua zilifuatana bila ukuta. Mstari unaoanza na neno "From" na nafasi ndio uliotangaza barua mpya. Mtu akianza sentensi yake kwa neno hilo, mfumo ulibandika alama ya > mbele yake ili usijichanganye. Maneno ya mtu yaliguswa kwa sababu ya ghala. Tena programu mbili zikiandika kwa pamoja, faili iliharibika, kwa hiyo kukawa na kufuli za kuifanya moja ingoje nyingine. Baada ya kampuni ya Sun kuleta NFS miaka ya 1980, diski zikatumika kupitia mtandao, na kufuli hizo hazikuaminika tena.

Daniel J. Bernstein, mwanahisabati, alizirudisha barua nyumbani katikati ya miaka ya 1990 kwa programu yake ya kupeleka barua, qmail. Katika Maildir, muundo wake wa kuhifadhi barua, kila barua ni faili peke yake. Huandikwa kwanza katika folda ya tmp. Ikikamilika huhamishiwa new. Ikishaonwa huenda cur. Jina la faili hubeba saa, namba ya programu inayoiandika na jina la kompyuta, hivyo hakuna mbili zinazogongana, na kufuli haihitajiki. Kwangu hilo ndilo jibu safi kuliko yote, kwa kuwa halimtaki yeyote amsubiri mwenzake.

Hata hivyo posta ya pamoja haikufungwa. Ukifungua kompyuta yenye mfumo wa Debian leo, utakuta folda ya barua za wote ni /var/mail, na /var/spool/mail ni kiungo tu kinachoelekeza huko. Ukifungua yenye Red Hat, /var/mail ndiyo inayoelekeza kwenye /var/spool/mail.