DVD ya tabaka moja na ya matabaka mawili

DVD ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7 kwa upande. Ya matabaka mawili hubeba 8.5. Unene wake ni uleule, milimita 1.2, kwa hiyo mkono hauwezi kuzitofautisha. Kwenye diski ya matabaka mawili, tabaka la kwanza hupitisha sehemu ya mwanga, na leza nyekundu ya nanomita 650 hulenga ndani zaidi ili kusoma la pili. Ndiyo sababu kwenye baadhi ya deki filamu hukwama kidogo, kisha huendelea.

Diski tupu za matabaka mawili huandikwa DL. Kwa filamu za kiwandani, rangi ya dhahabu upande wa kusomea ni dalili tu. Nyingi za matabaka mawili hung'aa kama fedha. Kipimo bora ni ukubwa wa data kwenye kompyuta: ukizidi baiti bilioni 4.7, ambazo Windows huonyesha kama gigabaiti 4.38 hivi, matabaka ni mawili. Ukiwa chini ya hapo, usihukumu bado. Programu kama ImgBurn husoma idadi ya matabaka kwenye diski yenyewe.