Samadari imerudi chumbani

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema ya kale ni dhahabu. Juma lililopita mpwa wangu alinijia na habari njema: anaoa. "Mjomba," akaniambia, "chumba kiko tayari. Nimeagiza kitanda cha samadari kwa fundi." Nilicheka, kisha nikanyamaza. Samadari tulikuwa nayo nyumbani kwa bibi, Unguja, na aliyeiuza ni mimi.

Vitanda hivyo viliingia pwani yetu kwa majahazi kutoka Bara Hindi, hasa katika karne ya 19. Miguu yake hukerezwa kwa keezo, ubao wa kichwani hupambwa kwa maua ya rangi na vioo, na nguzo nne hushika chandarua. Ni kirefu kwenda juu hata mtoto hukipanda kwa kigoda, na chini yake makasha hukaa bila taabu.

Samadari haikuwa peke yake. Kiti cha enzi, cha mpingo na nakshi za pembe au mfupa, aliwekewa mgeni wa heshima. Huko Lamu, nyumba za mawe za karne ya 18 zilikuwa na zidaka, yaani safu za vishubaka vilivyochongwa kwa chokaa ukutani, vikapangwa vyombo vya kaure kutoka Uchina. Aliyeingia alijua papo hapo kuwa wenyeji wake ni watu wa bahari na biashara.

Basi tuliyaachaje hayo? Tuliona haya. Mwaka 1988 alipita mnunuzi wa vitu vya kale, akataja bei, nami nikaona nimepata mjinga. Fedha ile nilinunua kitanda cha chuma na godoro la sponji. Bibi hakunigombeza. Alisema tu, "Mama yako alizaliwa hapo."

Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Nyumba za kale zikageuzwa hoteli, samadari zikatandikwa humo. Kijana anapoona mgeni analipa fedha nyingi kulala juu ya kitanda alichokidharau mjomba wake, lazima ajiulize nani alikuwa mjinga.

Wapo wanaosema vijana wanafuata mtindo tu. Mimi sikubali. Fundi anayekereza mguu wa samadari leo amepata kazi, na ujuzi wake hautazikwa naye. Ila nina ombi. Kabla hujaagiza kipya, kapige hodi kwa bibi yako. Muulize jina la kila kitu, kilitoka wapi na nani alikalia. Na wewe mwenye nyumba, mnunuzi akibisha hodi, mpe chai, umwage.

Mpwa wangu aliniuliza kile cha bibi kiko wapi. Sijui, ndugu msikilizaji. Na hiyo ndiyo bei niliyouzia.