Kisu cha Ngariba na Sindano ya Ganzi
Tohara haikuwa desturi ya wazee wetu wa Unyanyembe. Ilikuja na misafara, kwa njia ileile ya Bagamoyo iliyoleta shanga na merikani na kuchukua pembe za ndovu. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton alipofika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, aliwakuta Waarabu wa Omani wamekwisha kujenga matembe yao. Wapagazi wetu nao walikuwa wakirudi kutoka pwani wamevaa kanzu, wana majina mapya, na baadaye wakaanza kutafuta ngariba wa watoto wao.

Mimi nilitiwa jandoni Ng'ambo, kabla ya Uhuru. Mzee mmoja alinipakata kwa nyuma akaniziba macho, ngoma ikapanda, nyimbo zikazidi. Kazi ya kelele zile niliielewa ukubwani: mtoto wa pili asisikie kilio cha wa kwanza. Aliyelia aliimbwa mpaka tunatoka kumbini. Dawa pekee ya maumivu ilikuwa aibu.

Ganzi niliijua nilipokuwa muuguzi. Lignokeini, aliyoitengeneza Nils Löfgren huko Sweden mwaka 1943, ndiyo iliyobadili mambo. Miaka ya 2010 serikali iliiweka Tabora kwenye mikoa ya tohara kinga, baada ya utafiti wa Kisumu, Rakai na Afrika Kusini kuonyesha kuwa tohara hupunguza maambukizi ya VVU kwa wanaume kwa karibu asilimia 60. Wavulana wakapanga foleni. Mjukuu wangu alichomwa ganzi kwenye shina, akafinywa kwa koleo kuhakikisha, kisha akakatwa huku tukibishana habari za Simba na Yanga (yeye Yanga, masikini). Nyumbani alimeza parasetamoli. Mofini hakuihitaji hata tone.

Marekani nao wamejifunza kujihadhari na dawa kali za maumivu: mwaka 2017 walikataza kodeini kwa watoto chini ya miaka 12, kwa kuwa miili ya baadhi yao huigeuza kuwa mofini upesi mno na pumzi hukatika. Lakini wao wanapunguza walichonacho tele. Sisi tusijisifu kwa kupunguza kitu ambacho mara nyingi hakimo kabatini. Ganzi inatosha tohara. Haimtoshi mtoto aliyeungua kwa uji, wala aliyeanguka mwembeni akavunjika paja. Wenzangu mlioko wodini, huyo mpeni mofini yake kwa kipimo cha uzito wake, na mmoja wenu akae karibu ahesabu pumzi zake.