Neno Dogo la Kiingereza Lililonitia Aibu

Leo naomba nianze kwa kujisema mwenyewe. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii ya utangazaji, nilikabidhiwa habari ya Kiingereza kuhusu mwanasiasa mmoja wa Marekani, niitafsiri kwa ajili ya taarifa ya saa mbili usiku. Habari ilieleza kwamba bwana huyo ameamua kuto-"run" mwaka ule. Nami, stashahada mfukoni na saa ikinifukuza, nikaandika: "Ameamua kutokimbia." Ikasomwa hivyo hivyo.

Haukupita muda simu ikalia. Mzee mmoja akauliza kwa wasiwasi: "Mwanangu, kwani huko Marekani kumetokea nini hata watu wakimbie?"

Mhariri wangu hakunigombeza sana. Alisema tu: "Bwana mdogo, umetafsiri neno, hukutafsiri habari." Yule bwana alikuwa amekataa kugombea uchaguzi, basi.

Tangu siku hiyo nimelifuatilia neno hilo, na nimeona kuwa limebeba historia ya watu wake. Ni neno la kale sana. Waingereza wa zamani walikuwa nalo, na Waskandinavia waliohamia huko katika karne ya 9 walikuja na ndugu yake. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa na ya mahakama, na maneno mengi ya sheria na serikali yakatoka huko. Lakini mkulima shambani aliendelea kukimbia, kwenda na kuleta kwa maneno ya babu zake. Tena hata enzi hizo neno hilo halikuwa la miguu tu, kwani maji ya mto nayo yali-"run".

Mwaka 1755 Samuel Johnson alitoa kamusi yake mashuhuri. Katika dibaji alilalamika juu ya vitenzi vidogo vya namna hii, na "run" alikitaja. Alieleza kwamba maana zake hazitulii: kuzinasa ni kama kuchora miti kwa kutazama kivuli chake majini wakati wa dhoruba.

Johnson hakujua kwamba dhoruba yenyewe ilikuwa bado. Ukaja wakati wa viwanda na mvuke. Mwaka 1830 ilifunguliwa reli ya kutoka Liverpool hadi Manchester. Mitambo haina miguu, lakini Waingereza wakasema ina-"run". Mwenye duka naye anali-"run" duka lake. Wamarekani wakalitia katika uchaguzi, ambako mgombea wao hukimbia, ilhali mgombea wa Uingereza husimama. Mwishowe ikaja kompyuta, na programu nazo zikaanza ku-"run".

Kamusi kubwa ya Oxford, katika toleo la mwaka 1989, ilimpa ubingwa "set", neno lenye maana zipatazo 430. Lakini mwaka 2011 ilitangazwa kwamba mhariri wa kamusi hiyo, Peter Gilliver, alikaa miezi 9 na "run" peke yake, akahesabu maana 645 za kitenzi hicho.

Nawasikia vijana wakisema kwamba Kiswahili ni maskini, kwa sababu neno moja la Kiingereza hutulazimu kutumia maneno kumi. La hasha! Kwetu maji hutiririka, kanga huchuja, kamasi huvuja, mashine hufanya kazi, mwenye duka huendesha duka, na mwanasiasa hugombea. Mwingereza amepanga nyumba moja kubwa yenye vyumba vingi. Sisi tumejenga nyumba nyingi. Nani hapo ni maskini?

Na isitoshe, sisi nasi tunazo nyumba zetu zenye vyumba vingi. Tazama kitenzi "kukata". Maji hayana kisu, lakini hukata kiu. Abiria hukata tiketi, dereva hukata kona, aliyeshindwa kesi hukata rufaa, na aliyechoka hukata tamaa. Kabla ya kuwapo usafiri wa tiketi, tiketi ingekatwaje? Kila jambo jipya lilipobisha hodi, wazee wetu walilitafutia chumba katika neno lililokuwapo, kama walivyofanya Waingereza kwa treni yao.

Kwa hiyo, mwanafunzi anayekariri kwamba "run" ni "kukimbia" amejua mlango tu, vyumba bado. Na sisi tunaotafsiri habari tunabeba dhamana kubwa zaidi, maana anayetusikiliza hana karatasi ya Kiingereza ya kulinganisha, anatuamini. Kabla hatujaandika neno, tuulize kwanza: ni nani, anafanya nini, na wapi? Laiti ningaliuliza hivyo usiku ule, yule mzee angalilala kwa amani.