Kihisi cha brekipedi: Mlinzi ambaye madereva wengi hawamsikilizi

ASUBUHI ya Julai 26, 2022, basi dogo lililokuwa limebeba wanafunzi wa shule ya msingi liliacha barabara na kutumbukia korongoni Mikindani, mkoani Mtwara. Watu wasiopungua 10 walipoteza maisha, wengi wao wakiwa watoto waliokuwa njiani kwenda shuleni.

Maelezo ya awali ya polisi yalitaja kushindwa kwa breki. Ni maneno ambayo husikika kila mara ajali inapotokea mteremkoni, lakini ndani yake huweza kujificha mambo mengi: bomba la mafuta ya breki lililopasuka, mafuta yaliyochemka kwa joto, hewa iliyoingia kwenye mfumo, ngoma za nyuma zilizolegea, au brekipedi zilizokwisha.

Kati ya hitilafu hizo, kuisha kwa brekipedi ndiko kunakotokea polepole zaidi. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa magari wamekuwekea mlinzi wake maalumu, ambaye kazi yake ni kumwonya dereva kabla chuma hakijakutana na chuma. Mlinzi huyo ni kihisi cha brekipedi, au sensa kama mafundi wengi wanavyokiita.

Brekipedi hufanyaje kazi?

Katika breki ya diski, sahani ya chuma huzunguka pamoja na gurudumu. Dereva anapokanyaga pedali, shinikizo la mafuta husukuma pistoni, nayo pistoni huzibana brekipedi mbili pande zote za diski hiyo. Msuguano unaopatikana hugeuza mwendo wa gari kuwa joto, na gari hupungua kasi.

Wazo hilo si jipya. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski mwaka 1902, ingawa ilichukua nusu karne kabla aina hiyo haijapata sifa kubwa, hasa baada ya gari la Jaguar lililokuwa na breki za diski kushinda mashindano ya Le Mans mwaka 1953.

Brekipedi ina sehemu mbili: bamba la chuma mgongoni, na kitambaa kigumu cha msuguano kilichogandishwa juu yake. Kitambaa hicho kikiwa kipya aghalabu huwa na unene wa milimita 10 hadi 12 katika magari madogo. Kila dereva anapofunga breki, chembe kidogo hulika. Mafundi wengi hushauri kubadilisha brekipedi unene unapofika milimita 3, na nchini Uingereza gari ambalo kitambaa chake kimebaki chini ya milimita 1.5 halipasi ukaguzi wa kila mwaka.

Kanuni namba 13-H ya Kamisheni ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya, inayohusu breki za magari madogo, inataka uchakavu huo uweze kukaguliwa kwa urahisi kutoka nje au chini ya gari bila kufungua magurudumu. Ikiwa haiwezekani, gari liwe na kifaa cha sauti au taa kinachomwonya dereva akiwa kwenye usukani. Japani, ambako magari mengi yaliyotumika yanayoingia Tanzania hutoka, ilijiunga mwaka 1998 na mkataba unaosimamia kanuni hizo.

Aina ya kwanza: Kibati cha mlio

Kihisi rahisi kuliko vyote hakina waya wala umeme. Ni kibati chembamba cha chuma cha springi kilichopigiliwa kwenye bamba la brekipedi, nacho hupatikana katika magari mengi ya Kijapani. Kitambaa kinapobaki milimita 2 au 3, ncha ya kibati hicho hugusa diski na kutoa mlio mkali unaofanana na filimbi.

Mlio huo una tabia zake. Huanza gari likiwa katika mwendo hata kama dereva hajagusa breki, na mara nyingi hubadilika au kukoma anapokanyaga pedali. Hapo ndipo madereva wengi hudanganyika, wakidhani kwamba kwa kuwa sauti imekoma wakati wa kufunga breki, basi breki ni nzima.

Katika miji ya pwani kama Mikindani, ambako hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, kuna sauti nyingine isiyo na madhara makubwa. Gari lililolala nje huamka likiwa na kutu nyepesi juu ya diski, na breki hukwaruza mara chache za kwanza asubuhi. Kelele hiyo ikitoweka baada ya kufunga breki mara kadhaa, ni kutu iliyofutika. Isipotoweka, au ikigeuka kuwa mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma, kitambaa kimekwisha na diski inachimbwa.

Kasoro ya kibati hicho ni kwamba hutegemea masikio ya dereva. Katika gari lililojaa abiria, redio ikiwa juu na madirisha yakiwa wazi, mlio wa gurudumu la mbele kushoto si rahisi kumfikia aliyekaa kulia kwenye usukani. Aidha, baadhi ya vibati vina upande wake maalumu wa kufungwa kulingana na mzunguko wa diski. Fundi akivifunga kinyume, huweza kupinda badala ya kulia.

Aina ya pili: Waya na taa

Magari mengi ya Ulaya, yakiwamo ya BMW, Mercedes-Benz na Land Rover, hutumia kihisi cha umeme. Ncha yake hukaa ndani ya kitambaa cha brekipedi kwa kina kilichopimwa, na waya wake huenda hadi kwenye dashibodi. Kitambaa kinapolika hadi kufikia ncha hiyo, taa ya njano au nyekundu huwaka, kulingana na gari. Alama yake huwa ni duara lenye vistari vya nukta nukta kila upande.

Vihisi hivyo hufanya kazi kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza, waya hauna umeme unaozunguka hadi ncha yake inapogusa diski. Kwa kuwa diski ni chuma cha gari lenyewe, mzunguko hukamilika na taa huwaka. Mwanzoni taa huweza kumetameta tu wakati wa kufunga breki, kisha kuzimika.

Katika njia ya pili, umeme huzunguka muda wote katika kitanzi cha waya. Diski inapokikata kitanzi hicho, mzunguko huvunjika na taa huwaka. Magari mapya zaidi ya aina hiyo huwa na vitanzi viwili vya kina tofauti, ili kompyuta ya gari ikadirie kilometa zilizobaki kabla ya kubadilisha brekipedi. Kihisi kilichokatwa hakitengenezwi. Hubadilishwa pamoja na brekipedi.

Tofauti hiyo ina maana kubwa gereji. Kihisi cha njia ya kwanza kikichomolewa, taa haitawaka kamwe, na dereva ataendelea kuamini kwamba mambo ni shwari. Kihisi cha njia ya pili kikichomolewa, taa huwaka papo hapo. Ndiyo maana wapo mafundi ambao, baada ya kufunga brekipedi za bei nafuu zisizo na nafasi ya kihisi, huunganisha ncha mbili za waya ili taa izimike. Mwenye gari huondoka akiwa ameridhika, lakini mlinzi wake amezibwa mdomo.

Mnunuzi wa gari lililotumika ana njia rahisi ya kugundua hila hiyo. Anapowasha swichi kabla ya kuzungusha injini, taa nyingi za tahadhari huwaka kwa sekunde chache ili kuthibitisha kwamba zinafanya kazi. Baada ya hapo, fundi anayeaminika aangalie kwa macho kama waya wa kihisi umefika kwenye brekipedi au umefungwa kwa utepe pembeni.

Malori makubwa yenye breki za diski za upepo yana hatua ya tatu. Kihisi chake hupima unene muda wote na kutuma taarifa kwenye kompyuta ya gari. Teknolojia hiyo ina umuhimu katika ukanda ambao barabara yake hubeba korosho, saruji ya kiwanda cha Dangote kilichoanza uzalishaji mkoani Mtwara mwaka 2015, na makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kuelekea Bandari ya Mtwara.

Yale ambayo kihisi hakiyaoni

Taa isipowaka, haimaanishi kwamba breki zote ni nzima. Katika magari mengi ya BMW, kwa mfano, kihisi huwekwa gurudumu la mbele kushoto na la nyuma kulia tu. Magurudumu mawili yanayobaki hayana wa kuyasemea.

Hali hiyo ni hatari zaidi mahali penye chumvi na vumbi. Kalipa, yaani kile kishikio kinachobana brekipedi, huteleza juu ya pini zilizopakwa grisi. Pini zikishika kutu, kalipa hukwama na brekipedi moja hulika haraka kuliko mwenzake. Upande wenye kihisi unaweza kuwa na milimita 6 ilhali upande wa pili umebaki bamba tupu.

Kadhalika, magari mengi yanayotumika nchini, yakiwamo mabasi madogo ya Toyota Hiace, yana diski mbele na ngoma nyuma. Ndani ya ngoma hakuna brekipedi bali brekishuu, ambazo kwa kawaida hazina kihisi chochote. Hukaguliwa kwa kufungua ngoma, au kupitia tundu dogo lililozibwa kwa mpira katika bamba la nyuma.

Ipo pia taa nyekundu yenye alama ya mshangao ndani ya duara. Hiyo huhusu breki ya mkono na kiwango cha mafuta ya breki. Brekipedi zinapolika, pistoni husogea mbele na mafuta hushuka kidogo kidogo katika chombo chake. Dereva anayeongeza mafuta kila taa hiyo inapowaka bila kukagua brekipedi hufuta dalili ya uchakavu, au huficha uvujaji ambao ni hatari zaidi.

Kutoka uchakavu hadi ajali

Wapo wanaoamini kwamba brekipedi zilizokwisha huharibu diski tu na kuongeza gharama. Ukweli ni kwamba madhara yake hufika mbali zaidi.

Kitambaa cha msuguano pia huzuia joto lisifike kwenye pistoni. Kikiwa chembamba, joto la diski hupita haraka hadi kwenye mafuta ya breki. Mafuta hayo hufyonza unyevu wa hewa kadiri siku zinavyopita. Mafuta ya daraja la DOT 3 yanapokuwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzijoto 205, lakini yakishafyonza maji kiwango hicho hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155.

Mafuta yakichemka, mvuke huingia kwenye mabomba. Mvuke hubonyea, tofauti na mafuta. Dereva hukanyaga pedali, nayo hushuka hadi chini bila gari kupungua kasi. Hali hiyo hutokea hasa kwenye mteremko mrefu, gari likiwa na mzigo, na dereva akiwa ameshikilia breki muda wote.

Njia nyingine ni pale kitambaa kinapokwisha kabisa na diski nayo kulika. Pistoni husogea mbele kupita kiasi, mpira wake huachia, na mafuta humwagika. Hapo gurudumu hilo hubaki bila breki, na magari yaliyogawanywa katika saketi mbili hubakiwa na nusu tu ya nguvu yake.

Nini kifanyike?

Ukaguzi wa macho ndio msingi. Katika magari mengi yenye rimu za wazi, unene wa brekipedi ya nje huweza kuonekana kwa tochi bila kufungua gurudumu. Brekipedi ya ndani huhitaji gurudumu lifunguliwe, na wakati mzuri wa kufanya hivyo ni gari linapobadilishiwa matairi au oili.

Brekipedi hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia kwa pamoja, ili gari lisivute upande mmoja wakati wa kufunga breki. Pini za kalipa zisafishwe na kupakwa grisi inayohimili joto. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo, kwani brekipedi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, madini ambayo vumbi lake husababisha saratani. Mafuta ya breki nayo yabadilishwe kwa muda uliopangwa na mtengenezaji, ambao katika magari mengi ni kila baada ya miaka miwili.

Mteremkoni, kanuni ya madereva wazoefu haijabadilika: mlima hushukwa kwa gia ile ile inayotumika kuupanda. Injini hubeba sehemu kubwa ya kazi, na breki hubaki baridi kwa ajili ya dharura.

Kwa magari ya shule na daladala, wajibu ni wa mmiliki pia. Dereva aliyeajiriwa husikia mlio, lakini mara nyingi si yeye mwenye fedha za spea. Daftari dogo la kuandika unene wa brekipedi za kila gurudumu, tarehe na kilometa, huwawezesha wote wawili kujua ni lini kitambaa kitakwisha bila kusubiri filimbi wala taa.

Kihisi kilibuniwa ili kumpa dereva muda wa kufika gereji. Muda huo hupotea kila mara anaposikia mlio na kuongeza sauti ya redio.